Maski za vumbi kazini: FFP2, N95, KN95 ama FFP3, ipi inafaa kazi yako

Ukiingia hadiwea yoyote Kampala, iwe Nakasero ama kule Ndeeba kwa watu wa mbao, ukiuliza "maski ya vumbi" muuzaji anaweza kukuwekea mezani vitu vinne vinavyofanana kwa mbali lakini kazini havikutani kabisa. Kuna kile kikombe cheupe chembamba chenye mpira mmoja, kuna ile ya bluu ya hospitali, kuna ya kukunja ya kuvaa masikioni imeandikwa KN95, alafu kuna ile nzito kidogo yenye mikanda miwili ya kichwa imeandikwa N95 ama FFP2. Bei nayo inapanda hivyohivyo, basi wengi wanachukua ya kwanza wanasema si zote ni maski. Hapana bana, sio zote.

Niseme mapema ninakoegemea ili usome ukijua. Watu wengi wanaanza na namba, ati 95 ama 99, wakati swali la kwanza ni vumbi gani unalovuta, la pili ni hiyo kitu inakaaje kwenye uso wako, namba inakuja ya tatu. Ukinunua kwa kufuata namba peke yake utalipa pesa nyingi na vumbi litaingia vilevile.

Vumbi gani hasa

Lile vumbi unaloliona likielea kwenye mwanga wa dirisha sio ndilo baya kuliko yote. Chembe kubwa zinashikwa puani na kooni, unapiga chafya, unatema, zimeisha. Zinazoteremka mpaka chini kabisa kwenye mapafu ni zile za chini ya mikroni 5 hivi, na unywele wa mtu una upana wa mikroni 70 na kitu, kwa hiyo jicho haliwezi kuziona. Karakana inaweza kuonekana safi kabisa na bado hewa imejaa.

Ukikata taili, zege ama jiwe na grenda bila maji, kinachoruka ni silika, yani madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga, na silika ndiyo inaleta silikosisi, yani mapafu yanapata makovu yasiyopona. IARC, ambalo ni shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani mwaka 1995, silika ikafuata 1997, moshi wa kuchomelea ukaingia kwenye kundi hilohilo baada ya tathmini ya 2017. Unga wa posho na vumbi la kahawa mbichi havimo kwenye orodha hiyo ila vinaleta pumu ya kazini, na mtu akishaipata hata vumbi kidogo linamkaba.

Alafu kuna kitu lazima kieleweke kabla hatujalinganisha chochote. Maski hizi zote, kuanzia ya bei rahisi mpaka ya bei mbaya, zinazuia chembe tu. Gesi na mvuke vinapita. Thina, petroli, rangi ya gari ile ya kuchanganya na hadena, moshi wa jenereta kwenye chumba kilichofungwa, mvuke wa zebaki wale wachimba dhahabu wa Busia wanapochoma dhahabu yao, hakuna FFP3 wala N95 itakayokusaidia hapo. Ukivaa FFP2 ukapuliza rangi utazuia matone ya rangi, mvuke utauvuta wote. Na ukiingia ndani ya tenki ama shimo ambako hewa yenyewe ni haba, maski haitengenezi oksijeni, unaanguka nayo usoni.

Za kuweka pembeni

Kile kikombe chembamba cha mpira mmoja mara nyingi hakina maandishi yoyote ya daraja. Kazi yake ni kuzuia nyasi na vumbi kubwa ukifagia ua, basi. Ile ya bluu ya hospitali ilitengenezwa kuzuia mate na damu visiruke kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, kitambaa chake chaweza kuwa kizuri tu, shida ni pembeni iko wazi na hewa siku zote inafuata njia nyepesi. Ukivuta pumzi nayo ukiwa unapiga msasa, hewa nyingi inaingilia shavuni. Za kitambaa zile tulizoshona wakati wa korona ni mambo yaleyale. Kwa vumbi la kazi hizi tatu sihesabu kama kinga, nashangaa tu bado ndizo zinaonekana zaidi kwenye saiti.

N95 na FFP2, tofauti iko wapi

N95 ni kipimo cha Marekani, kinatolewa na NIOSH, taasisi yao ya utafiti wa usalama kazini. FFP ni kipimo cha Ulaya, EN 149. Mmarekani anasema N95 lazima izuie angalau asilimia 95 ya chembe za chumvi za kama mikroni 0.3, hewa ikipita lita 85 kwa dakika. Mzungu wa Ulaya ana madaraja matatu, FFP1 asilimia 80, FFP2 asilimia 94, FFP3 asilimia 99, na yeye anapitisha hewa lita 95 kwa dakika. Kwa hiyo mtu akikuambia N95 inaishinda FFP2 kwa asilimia moja mwache aendelee, vipimo vyenyewe havifanani, kwa kazi zetu hizo mbili ziko sawa.

Tofauti ya maana ni mafuta. Ile herufi N inamaanisha haihimili mafuta, kuna R ambayo inahimili kiasi na P ambayo inahimili kabisa. Maski za FFP zinapimwa kwa chumvi na pia kwa matone ya mafuta ya parafini, kwa hiyo hazina huo mgawanyo wa herufi. Kama uko kwenye karakana ya mashine za kukereza vyuma na kuna ukungu wa mafuta hewani, chukua FFP2 ama P95, acha N95. Kwa mbao, unga, simiti na mawe, yoyote.

Kuhusu hiyo 0.3 kuna watu wanabisha ati chembe ndogo kuliko hapo zinapita zote. Kinyume chake ndio kweli. Chembe kubwa zinagonga nyuzi za filta zinakwama, chembe ndogo sana zinayumba huku na huku hewani mpaka nazo zinagusa uzi zinanasa, zilizo katikati karibu na 0.3 ndizo zinazoponyoka kwa urahisi zaidi. Wamepima pale pagumu kwa makusudi. Tena nyuzi zenyewe ni polipropilini iliyotiwa chaji ya umeme inayovuta chembe, ndiyo maana maski inazuia sana na bado unapumua. Ukiifua kwa sabuni, ukaipulizia spiriti ama ukailoweka kwenye jiki, chaji inaharibika. Itatoka nyeupe safi, inanukia vizuri, na ulinzi wake umeshuka vibaya. Banange, msifue hizi vitu.

KN95 na za masikio

KN95 ni kipimo cha China, GB 2626, kwenye karatasi inazuia asilimia 95 sawa na N95. KF94 ya Korea nayo iko hapohapo. Kwenye karatasi sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni mawili.

La kwanza, feki ni nyingi mno. Mamlaka za Marekani zilisema kwamba kama asilimia 60 ya KN95 ambazo NIOSH ilizichunguza mwaka 2020 na 2021 hazikufikia viwango vilivyotakiwa. Hiyo ni kule kwenye maabara na sheria kali, sasa fikiria boksi lisilo na jina la kiwanda linalouzwa kando ya barabara.

La pili ni kamba za masikioni. Mpira unaovutwa na sikio hauna nguvu ya kukandamiza maski usoni sawa na mikanda miwili inayozunguka kichwa, mmoja juu ya utosi na mwingine shingoni chini ya masikio. Ukiinama, ukigeuka, ukiongea na mtu wa pili kwa sauti ili akusikie juu ya mashine, ya masikio inafunguka pembeni kila mara. Kwa kukaa kwenye taksi ama kumtembelea mgonjwa, KN95 halali ni sawa. Kwa mtu anayekata mawe toka asubuhi mpaka jioni, hapana. Na ukiona imeandikwa N95 alafu ina kamba za masikioni, usiulize bei, NIOSH haijapitisha N95 ya masikio, hiyo ni feki imejitangaza yenyewe.

Sasa FFP3 je, si ndiyo baba lao?

Hapa ndipo pesa zinapotea. Tupige hesabu ndogo tu. Chukua chembe 100 hewani. FFP3 haijakaa vizuri, 10 zinapita pembeni, zile 90 zinazopita kwenye filta inabakisha kama 1, jumla umevuta 11. Mwenzako ana FFP2 ya kawaida imekaa sawasawa, pembeni zinapita 2, filta inaachia kama 6, jumla 8. Yeye wa maski rahisi amevuta kidogo kuliko wewe wa maski ghali. FFP3 inayovuja ni sawa na kufunga geti la chuma na kuacha ukuta wa nyuma haujajengwa.

Sio mimi nasema tu. Waingereza wanapopanga ulinzi halisi kazini wanahesabu FFP1 inapunguza vumbi mara 4, FFP2 mara 10, FFP3 mara 20, na hapo ni kwa mtu aliyepimwa na maski ikamkaa. Wamarekani ndio wakali zaidi, OSHA, mamlaka yao ya usalama kazini, wanazipa maski zote za kutupa mara 10, iwe N95 iwe N100 inayozuia asilimia 99.97. Kwa nini filta kali kiasi hicho ipewe alama ileile? Kwa sababu kinachokuangusha ni ule mzingo wa uso, filta haina kosa.

FFP3 pia ina uzito wake wa kupumua. Kwa joto la mchana, tuseme uko kwenye kinu ama chini ya bati, filta nzito bila valvu, yani kile kifuniko kidogo cha kutolea pumzi, inakuchosha na kitakachofuata ni kuishusha kidevuni kila baada ya dakika chache. Maski ya kidevuni inalinda kidevu. Hata hivyo kuna kazi ambazo FFP3 ina haki yake, nitazitaja.

FFP1 kwa upande mwingine siinunui kwa karibu chochote. Kufagia stoo ya nafaka labda. Ukilinganisha na FFP2 unaokoa pesa kidogo na kupoteza zaidi ya nusu ya ulinzi.

Uso wako ndio unachagua

Kampuni zinatengeneza umbo mbili kubwa. Ya kikombe ni ngumu kidogo, haibonyei ukitokwa jasho, haigusi midomo, mfano 3M 8210 ambayo ni N95 bila valvu ama 8822 ambayo ni FFP2 yenye valvu. Ya kukunja inaingia mfukoni, inafuata uso unapoongea, na watu wenye uso mdogo mara nyingi inawakaa vizuri kuliko kikombe. Hakuna iliyo bora kwa wote. Kikombe kinachomkaa fundi mwenye uso mpana kinaweza kumwacha msaidizi wake msichana na nafasi ya kidole chini ya kidevu. Tukumbuke pia hizi maski kwa miaka mingi zilipimwa kwa nyuso za wanajeshi wa anga wa Marekani, mpaka NIOSH walipokwenda kupima upya wafanyakazi karibu 4,000 mwaka 2003, nao walikuwa Wamarekani. Pua pana na mashavu ya kwetu hayakuwa ndiyo kipimo, kwa hiyo usidhani "saizi ya kawaida" ni saizi yako.

Kujaribu ni hivi. Vaa, mkanda wa juu utosini, wa chini shingoni, isipishane. Ile bati ya puani ibonyeze kwa vidole vya mikono yote miwili ukitelemka pembeni, ukiibana kwa vidole viwili vya mkono mmoja inafanya kona na hewa inatoka hapohapo. Alafu funika maski kwa viganja, kama haina valvu puliza nje kwa nguvu, kama ina valvu vuta ndani kwa nguvu. Ukisikia upepo kwenye macho ama mashavuni, rekebisha, ikikataa mara ya pili hiyo modeli sio yako, jaribu nyingine. Unafanya hivyo kila unapovaa, sio siku ya kununua tu. Kipimo rasmi kipo, unawekewa kofia ya plastiki wanapuliza sakarini ama Bitrex ndani, ukisikia utamu ama uchungu mdomoni ujue inavuja, kampuni kubwa zinatakiwa kuwa nacho. Fundi wa mtaani ana kipimo chake cha bure, avue jioni aangalie ndani. Mistari ya vumbi puani ama kidevuni kwa upande wa ndani ndiyo ramani ya mahali inapovuja.

Ndevu hazipatani na hii kitu, hata za siku mbili tatu. Wazee wetu na masheikh wenye ndevu za kudumu hatuwaambii wanyoe kwa sababu ya grenda, ila wajue kwamba kwao maski hii ni nusu kinga. Kofia za kupuliza hewa kwa betri zinafaa mtu wa ndevu lakini bei yake hiyo ni hadithi nyingine, kwa hiyo maji kwenye vumbi na kukaa upande upepo unakotoka ndio mpango wao wa kwanza.

Valvu ama bila valvu

Kwa vumbi, chukua ya valvu kama bei inaruhusu. Valvu haipunguzi ulinzi wako, inafunguka ukitoa pumzi tu, inatoa joto na unyevu, miwani haipati ukungu sana na maski inakaa kavu kwa muda mrefu. Tatizo lake ni kwamba pumzi yako inatoka bila kuchujwa vizuri, kwa hiyo musawo anayehudumia mgonjwa mahututi ama mtu mwenye kikohozi yeye mwenyewe achukue isiyo na valvu. Muuguzi wa wodi ya kifua kikuu anahitaji N95 ama FFP2 ya mikanda, na mgonjwa ndiye anavaa ile ya bluu, wengi wanabadilisha hizo mbili bila kujua.

Kwa kazi hii, chukua hii

Seremala, mbao na msasa: FFP2 ya valvu. Mvule unawasha pua na ngozi kuliko mbao nyingi, na msasa wa mashine ndio unatoa vumbi laini kuliko randa ama msumeno. Ukipiga vanishi baada ya hapo kumbuka tulichosema kuhusu mvuke.

Kinu cha posho, kama vile vya Kisenyi, na viwanda vya kukoboa kahawa kule Mbale: FFP2, na tafuta iliyoandikwa herufi D, maana yake imepita jaribio la kuziba kwa vumbi jingi, itakufikisha mwisho wa zamu bila kuwa ngumu kuvuta. Wapakuaji wa simiti nao nawaweka hapa, Tororo na kwingineko. Simiti ikichanganyika na jasho inaunguza ngozi, kwa hiyo pale maski inapogusa uso pafutwe mara kwa mara.

Kuchomelea: FFP2 ama N95 inayoingia chini ya kioo cha kuchomelea, zile za kukunja zinaingia vizuri zaidi. Kuna zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zenye kitambaa cha nje kisichoshika moto haraka kwa sababu ya cheche, ukizipata chukua hizo. Mabati na mabomba yenye zinki ndiyo ya kuogopa, moshi wake unaleta homa na kutetemeka jioni, mtu anadhani ni malaria anameza dawa, kesho yake anapoa anasema dawa imefanya kazi. Pima kwanza damu, na mwambie daktari ulichochoma. Na hii habari ya kunywa maziwa ili kuosha moshi, maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu, hizo ni njia mbili tofauti. Kunywa kama una njaa.

Mawe, kokoto, taili, zege, na wasagaji wa mawe ya dhahabu: hapa ndipo nakubali FFP3, lakini maji kwanza. Kukata zege kwa mashine bila maji kunaweza kupandisha silika mara nyingi juu ya kikomo, na Marekani kikomo chao tangu 2016 ni mikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa masaa 8, hiyo ni punje ya kitu. Kama hewa imezidi kikomo mara 40, maski ya mara 10 inakuacha umezidi mara 4. Ukiweka maji yanayotiririka kwenye diski hesabu inageuka kabisa, kanuni za OSHA zinasema mtu anayetumia msumeno wa mkono wa kukata zege, wenye maji, nje, kwa masaa 4 ama chini ya hapo, hadaiwi hata maski. Ndani ya nyumba ama zaidi ya masaa hayo ndipo anatakiwa ya mara 10. Yani ndoo ya maji na mpira wa bomba vinakupa kinga kuliko boksi zima la FFP3. Wale wanaogonga kokoto kwa nyundo juani, mara nyingi akina mama na watoto wao wako pembeni, kumwagia jiwe maji kabla ya kugonga kunawalinda wote pamoja na ambao hawana maski.

Boda: FFP2 ama KN95 halali, zote zinashika chembe za barabarani, na vile vifaa vya AirQo vya Makerere vinavyopima hewa, vingine vilifungwa kwenye bodaboda, vinapima hizohizo za chini ya mikroni 2.5. Gesi ya mabomba ya magari itapita, hiyo ndiyo hali.

Kukagua kabla hujatoa pesa

FFP2 halali ina maandishi kwenye maski yenyewe, sio kwenye boksi peke yake: jina la kiwanda, modeli, EN 149:2001+A1:2009, FFP2 ikifuatiwa na NR, maana yake ya zamu moja, ama R, maana yake inaweza kurudiwa, na alama ya CE yenye tarakimu nne kando yake. CE bila tarakimu nne kwa maski ya aina hii ni ya kutiliwa shaka. N95 ina neno NIOSH limeandikwa kwa usahihi, namba inayoanza TC-84A, modeli na namba ya toleo, na hiyo namba ya TC unaweza kuitafuta kwenye orodha yao mtandaoni ukiwa hapohapo dukani. Ikiwa na maua, ama imeandikwa ni N95 ya watoto, rudisha, NIOSH haipitishi za watoto. Angalia tarehe ya mwisho pia na uvute mkanda, stoo yenye joto inaua mpira, ukikatika mkononi mwako ungekatikia kazini.

Maski ya zamu moja isipite zamu moja kwenye vumbi kweli. Ikilowa, ikichanika, ikiwa ngumu kuvuta pumzi, ibadilishe hata kama ni saa nne asubuhi. Wakati wa chakula itundike kwenye mfuko wa karatasi, usiitupe mezani ikijaza vumbi upande wa ndani.

Kama una watu unaowanunulia, usianze na boksi la 20 la modeli moja. Nunua mbili tatu za modeli tofauti, kikombe na za kukunja, kila mtu ajaribu, alafu ndio uagize. Na ni wewe bosi unayetakiwa kununua, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya 2006 inamtaka mwajiri awape watu wake vifaa vya kujikinga, kumwambia kijana aje na yake haikuondolei hilo.

Ya kutupa ama ya mpira?

Hili linaulizwa kidogo na ndilo lenye pesa. Kama unavaa mara moja kwa wiki, za kutupa zinakutosha. Kama ni kila siku, piga hesabu: bei ya maski moja mara siku 26 za kazi kwa mwezi mara miezi mitatu. Linganisha na maski ya mpira ya nusu uso, mfano 3M 6200, na jozi ya filta za P100 (kali kama N100, na zinahimili mafuta) kama 2097. Mara nyingi ya mpira inashinda kabla hiyo miezi haijaisha, na inakaa usoni vizuri zaidi kwa sababu mpira laini unafuata uso na huja saizi ndogo, ya kati na kubwa. Kwa mchonga mawe na mkata taili wa kila siku nachagua hiyo bila kufikiria mara mbili. Ubaya wake ni jasho, kuongea kwa shida, na lazima mtu aijali. Tena kwa anayepuliza rangi hiyohiyo inapokea katriji za mvuke, kitu ambacho ya kutupa haitafanya kamwe, ila kwa ile rangi ya hadena hata katriji usiitegemee ndani ya kibanda kilichofungwa, wenye uwezo wanatumia hewa ya bomba. Jioni toa filta, osha mpira kwa sabuni na maji ya vuguvugu, anika kivulini, filta zifutwe kwa nje tu na zibadilishwe zote mbili pamoja kuvuta pumzi kukianza kuwa kazi.